Darasani Zinjanthropus, Jumapili Adamu: huu ugomvi ni wetu kweli?

Vumbi la Karatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, njia ni ile ile ya Karatu, Ngorongoro hadi Serengeti. Masika wageni wa nje wakipungua ndipo napata mabasi ya shule. Mzungu akifika Oldupai anauliza umri wa tabaka za udongo na kama simba wako karibu. Wanafunzi wetu swali lao ni moja, na huwa wanaliuliza mwalimu akishasogea mbali: "Kaka, sasa hapa Adamu na Hawa wanaingilia wapi?"

Ni swali la haki. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anafundishwa asili ya binadamu kwenye Historia, anakariri Zinjanthropus, Mary Leakey, 1959, anapewa vema yake. Mbele ya safari anaikuta mada hiyo tena kwenye Baiolojia. Katikati ya hapo, kila Jumapili au kila jioni madrasa, anamsikia Adamu aliyeumbwa kwa udongo. Hakuna mtu mzima anayemkalisha akamwambia hivi viwili vinakaaje pamoja, au kama havikai. Matokeo yake anajifunza kuandika asichokiamini ili afaulu, na kuamini asichoruhusiwa kukiuliza. Kwa maoni yangu hapo imani imepata hasara na sayansi nayo imepata hasara.

Hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya ugomvi huu tumeletewa ukiwa umeshapikwa kwingine. Tunagombana pasipo na tatizo, na penye tatizo tunapita kimya.

Nianze na Louis Leakey, mtafiti wa Oldupai na mume wa Mary, ambaye jina lake tunalikariri bila kujua katokea wapi. Alizaliwa 1903 Kabete, nje kidogo ya Nairobi, ndani ya misheni ya Kianglikana. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari na alishiriki kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Kijana akakua akiongea Kikikuyu kama watoto wenzake, akaenda Cambridge akiwa na nia ya kurudi kuwa mmisionari kama mzee wake. Huko akaumia kichwa kwenye raga, akaambiwa apumzike masomo, na mwaka 1924 akajiunga na msafara wa kuchimba mijusi ya kale Tendaguru, Lindi. (Ndiyo, Tendaguru ya yule mjusi aliyeko Berlin ambaye kila baada ya muda Bunge linauliza atarudi lini. Wajerumani walishamchimba kabla ya vita ya kwanza.) Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa kambini anaumwa, mkewe Mary akaliona lile fuvu la Zinjanthropus kwenye mteremko wa Oldupai. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya pale yakapimwa kwa potasiamu na agoni, yakatoa umri wa miaka milioni 1.75.

Darwin naye, mwenye nadharia ya mageuko (viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi), kabla ya kupanda ile meli ya Beagle mwaka 1831, alikuwa Cambridge akiandaliwa kuwa kasisi wa Kianglikana. Yaani watu wawili ambao majina yao yanatumika kulitisha kanisa, mmoja alisomea ukasisi na mwingine alitaka umisionari.

Ugomvi kama tunavyoujua una anwani yake. Tennessee, Marekani, 1925: mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu katokana na wanyama, akapigwa faini ya dola 100, na mwaka 1927 hukumu ikatenguliwa kwa kasoro ya kiutaratibu. Ile kesi ilitangazwa redioni kama mechi. Kitu ambacho wahubiri wetu hawakisimulii ni kwamba William Jennings Bryan, mtetezi mkuu wa Biblia pale, alipobanwa kizimbani alikubali kwamba siku za Mwanzo si lazima ziwe za saa 24. Hata vile vijitabu vya 1910 hadi 1915 ambavyo watu wa msimamo mkali wa Kiprotestanti walipata jina kutokana navyo, baadhi ya waandishi wake, kama James Orr wa Scotland, hawakuwa na shida na mageuko yaliyoongozwa na Mungu. Habari ya dunia ya miaka elfu sita kama "sayansi" ilipata nguvu kubwa baada ya 1961, kitabu kimoja cha Kimarekani kuhusu Gharika kilipotoka. Halafu zikaja kaseti, vijitabu na mikutano ya injili, na sisi tukapokea kama vile ndivyo Mitume walivyoacha.

Jirani zetu waliyaona matunda yake. 2006 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakiwa kwenye ukarabati, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya makanisa ya kiinjili kutaka mifupa ya Mvulana wa Turkana isipewe nafasi ya mbele. Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, ambaye hakuwa mtu wa dini, akawaka. Magazeti yakauza. Yule mvulana alivumbuliwa 1984 na Mkenya, Kamoya Kimeu, huko Nariokotome, na ni moja ya mifupa iliyokamilika zaidi ya zama zake, kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Katika kelele zote zile Kamoya hakusikika kabisa, walisikika askofu na Leakey.

Sasa penye tatizo ni wapi? Siku sita sizioni kama tatizo. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, leo ni Algeria, askofu aliyefariki mwaka 430, aliandika kwamba siku zile si siku za kawaida, na akawaonya Wakristo wasiwe wanaropoka juu ya mambo ya anga na viumbe mbele ya wasioamini wanaoyajua, wakaifanya imani ichekwe. Huyo hakuwa anamkimbia Darwin. Kwa Wakatoliki wenzangu, Pius XII aliruhusu mwaka 1950 utafiti kuhusu asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema nadharia hii ni zaidi ya dhana tu.

Tatizo naliona mahali pawili: Adamu kama mtu mmoja, na mateso yaliyokuwepo kabla yake. Hapo majibu niliyoyasikia hayajanitosha. Karibuni, matusi tuyaache kule jukwaa la siasa.

Nyuki Dume

Naweka kiti mbele kabisa. Ila babu yangu hakuwa sokwe, wa kwako mleta uzi sijui.

Mwalimu wa Nyakato

@Nyuki Dume hakuna aliyesema babu yako ni sokwe. Sokwe ni binamu. Wazazi wetu wa pamoja waliishi miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita, ukoo ukagawanyika, wao wakaenda kwao sisi kwetu.

Mleta uzi umeongea historia vizuri lakini umeruka ushahidi, kwa hiyo watu watadhani jambo lote linasimama kwenye fuvu moja la Oldupai. Mimi nafundisha Baiolojia Mwanza, na wanafunzi wangu nawaanzishia na malaria, mafuvu yanakuja baadaye. Waliozaliwa miaka ya tisini kurudi nyuma wanaikumbuka klorokwini, ile ya kuwasha mwili mzima. Kwa nini iliondolewa? Vimelea vichache vilivyokuwa na mabadiliko ya kuistahimili vilibaki hai, vikazaliana, vikajaa. Mwaka 2001 nchi ikahamia dawa nyingine, SP, nayo haikudumu, mwishoni mwa 2006 tukaingia kwenye dawa mseto. Hayo ni mageuko, umeyaona kwa macho yako na umeyalipia dirishani. Malawi waliiacha klorokwini mapema, 1993, na miaka kadhaa baadaye vimelea vinavyosikia dawa vikarudi kutawala, kwa sababu bila dawa ule ustahimilivu ni mzigo tu kwa kimelea.

Hapa ziwani kwetu kuna furu, wale samaki wadogo. Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa tena, na leo kuna au kulikuwa na aina karibu 500 za furu, wengine wanakula konokono, wengine mwani, wengine magamba ya wenzao. Nasema "kulikuwa" kwa sababu sangara aliyeletwa miaka ya hamsini amewamaliza wengi kabla hata hawajapewa majina.

Halafu kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Sokwe ana 48, sisi 46. Kama tuna asili moja, zile mbili zimekwenda wapi? Jibu limo mwilini mwako: kromosomu yetu namba 2 ni mbili zilizoungana, na pale zilipoungana bado kuna alama za ncha, ambazo kwa kawaida hukaa mwishoni na siyo katikati. Mwenye maelezo mengine alete, nitamsikiliza.

Na nyongeza kwa Wakristo: Mendel aliyetupa kanuni za urithi, 1866, alikuwa mtawa wa Kiaugustino. Francis Collins aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu ni mlokole kabisa wa Marekani.

Neema ya Bure

Bwana asifiwe. Mimi ni mlokole na sina haya. Nimesoma yote, sijaja kurusha mawe.

Kaka Vumbi, hizo siku sita nakuachia. Zikiwa siku, zikiwa zama, Mungu anajua. Na vimelea kubadilika nakubali, nimeuguza malaria. Nisichoweza kukuachia ni Warumi 5:12: "kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti." Wewe unaniambia kabla ya huyo mtu mmoja kulikuwa na mamilioni ya miaka ya kufa, kuliwa, kuugua, kuzaliwa vilema na kutoweka. Kama mauti ndiyo njia aliyoitumia Mungu kuumba, basi mauti si adui. Na kama si adui, Yesu alikufa na kufufuka ili kushinda nini hasa? Papa akisema ndiyo au hapana mimi hainisaidii, mimi namuuliza Paulo.

Wanaotucheka walokole wanadhani tunaogopa sokwe. Tunachoogopa ni msalaba kukosa kazi.

Vumbi la Karatu

Dada Neema, hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naingojea, na haijibiwi kwa mstari mmoja.

Nijaribu. Aya hiyo hiyo inaendelea, "hivyo mauti ikawafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi." Watu. Paulo anaongelea mauti ya mwanadamu aliyemwasi Mungu, swala na simba hawajatajwa. Na mimi simba nawaona kila wiki. Zaburi 104:21 inasema wana-simba wananguruma wakitaka mawindo, wanatafuta chakula chao kwa Mungu. Ni zaburi ya kusifu! Mzaburi haoni aibu kumwambia Mungu kwamba anayemlisha simba nyama ni Yeye. Haombolezi kwamba dunia imeharibika.

Neema ya Bure

Na Mwanzo 1:30? Wanyama wote walipewa majani ya kijani kuwa chakula. Na Isaya 11:7, simba atakula majani kama ng'ombe. Mwanzo hakukuwa na kuwinda na mwisho hakutakuwa. Zaburi yako iko katikati, wakati wa uharibifu. Mungu anawalisha simba katika dunia iliyoanguka kama anavyotulisha sisi wenye dhambi.

Nyuki Dume

Dada kapiga kona imeingia yenyewe.

Sina Dini Sina Deni

Mnazunguka mbuyu. Uteuzi asilia, yaani wanaoendana na mazingira kubaki na kuzaana, unaeleza jicho, bawa na ubongo bila fundi. Zamani mlisema "angalia maumbile, lazima yupo aliyeyapanga." Darwin akaonyesha yanavyojipanga. Mungu wenu amebaki na kazi gani, kusaini tu mafaili yakishafika mezani?

Mleta uzi anasema tumeletewa ugomvi kutoka Tennessee. Hata imani ililetwa kwa meli, mbona hiyo hulalamiki?

Vumbi la Karatu

@Sina Dini hilo la meli nimecheka, na una haki nalo.

La kazi ya Mungu niseme hivi. Ukiniuliza mvua inanyeshaje nitakwambia habari za mvuke na upepo wa kaskazi na kusi, na bado kijijini kwetu tunasali mvua inyeshe na inaponyesha tunashukuru. Hakuna aliyeacha dini baada ya kusoma mzunguko wa maji Darasa la Nne. Kama Mungu anaweza kuwa nyuma ya mvua yenye maelezo kamili, sioni kwa nini asiweze kuwa nyuma ya uteuzi asilia wenye maelezo kamili. Anayehitaji Mungu wa mahali pasipoeleweka tu ndiye atakayepata hasara kila mwaka.

Darwin mwenyewe mwaka 1879, alipoulizwa kwa barua, alijibu kwamba ni upuuzi kutilia shaka kuwa mtu anaweza kuamini Mungu kwa moyo wote na kukubali mageuko. Yeye binafsi wakati huo alikuwa anajiita mtu asiyejua kama Mungu yupo au hayupo. Rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, ndiye aliyeitetea nadharia Marekani na alikuwa Mpresbiteri wa kwenda kanisani.

Ila tusimpambe Darwin. Imani yake haikupotea kwa sababu ya sokwe. Mwaka 1851 alifiwa na binti yake Annie, miaka kumi, na waandishi wengi wa maisha yake wanaona hapo kuna kitu kilivunjika. Mwaka 1860 akamwandikia Gray huyo huyo kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi wale nyigu ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai. Kwa hiyo dada Neema na Darwin wanauliza swali moja, wamesimama pande mbili tofauti.

Mvuvi wa Pangani

Assalaam alaykum wote, na wasio wa salaam hiyo habari zenu.

Nafundisha madrasa, na maswali ya watoto wa mabasi ninayapata pia, bila mshahara wa utalii. Niseme kwa upande wetu, maana nyuzi hizi huwa zinakuwa za Wakristo na wasioamini, sisi tunaachwa uwanja wa kuegeshea.

Kwanza niwaonye Waislamu wenzangu kabla sijagusa mtu mwingine. Kuna kundi linavua aya. Wanachukua Surat Nuh aya ya 14, kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba daraja baada ya daraja, wanasema "mnaona, mageuko hayo!" Wafasiri waliotutangulia wengi wameeleza ni tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, tumboni mwa mama. Usiifanye Qurani iseme leo jambo ambalo kesho sayansi ikilirekebisha utaona haya. Kundi hilo hilo linasema al-Jahiz wa Basra aligundua mageuko karne ya tisa. Al-Jahiz aliandika vizuri sana jinsi wanyama wanavyowindana na kuogopana, lakini kumfanya Darwin mwenye kilemba ni kumsingizia.

Pili, umri wa dunia kwetu si mgogoro. Qurani haina orodha ya vizazi yenye miaka ya kujumlisha mpaka upate elfu sita. Mijusi ya Tendaguru, furu wa Mwalimu, simba kula swala, vyote hivyo mimi sina ugomvi navyo. Na dhambi ya Adamu kwetu hairithiwi, alitubu akasamehewa, kwa hiyo lile swali la dada Neema halitubani kwa namna hiyo.

Kinachotubana ni Adam mwenyewe, alayhi salaam. Aal Imran 59: mfano wa Isa kwa Mwenyezi Mungu ni kama wa Adam, aliumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "Kuwa", akawa. Wanazuoni wengi, na walimu wangu wamo, wanasema hapo mlango umefungwa kwa binadamu. Uturuki mwaka 2017 waliiondoa mada yote kwenye mitaala ya sekondari. Mimi naona hilo ni kukata mti mzima kwa sababu ya tawi moja.

Yuko mtafiti wa leo, David Solomon Jalajel, anayesema maandiko yetu yanathibitisha Adam aliumbwa bila wazazi, lakini hayasemi kwamba hapakuwa na viumbe wengine wenye miili kama yetu kabla yake au wakati wake. Maandiko yamenyamaza, na sisi tunyamaze. Shoaib Ahmed Malik naye, mwaka 2021, amepita njia ya al-Ghazali, mwanazuoni wetu wa zamani: kanuni za maumbile ni desturi ya Mwenyezi Mungu, na mwenye desturi anaweza kuiacha siku moja akafanya muujiza. Isa alizaliwa bila baba. Hakuna mkunga aliyetupa elimu yake ya uzazi kwa sababu ya Maryam. Basi kwa nini mwalimu wa Baiolojia atupe ya kwake kwa sababu ya Adam, au mimi nimtupe Adam kwa sababu ya Baiolojia?

Najua Sina Dini atasema muujiza haupimiki. Kweli, haupimiki. Ndiyo maana siufundishi kipindi cha Baiolojia.

Sina Dini Sina Deni

Ustadhi, angalau wewe unacheza na kanuni zilizoandikwa ukutani. Heshima.

Kaini Mkwe

Mimi nina swali langu la siku zote. Kaini alioa nani? Mwanzo 4:17, ghafla ana mke, na anajenga mji! Mji wa watu watatu?

Mwalimu wa Nyakato

@Kaini Mkwe swali lako linachekwa lakini lina maana hapa. Jenetiki inaonyesha kwamba ndani ya miaka laki kadhaa iliyopita mababu zetu hawakuwahi kushuka mpaka wakawa wawili tu. Utofauti wa vinasaba tulionao ni mkubwa mno kwa chanzo hicho, makadirio yanakwenda kwenye maelfu ya watu. Hilo mimi kama mwalimu siwezi kulificha, na nadhani ndilo "mahali pa kwanza" pa mleta uzi.

Lakini kuna mtaalamu wa baiolojia ya kompyuta, Joshua Swamidass, Mkristo, ambaye mwaka 2019 alileta hoja inayofanana sana na ya Jalajel wa ustadhi. Anasema ukoo na vinasaba ni vitu viwili. Babu wa babu wa babu yako ukirudi vizazi vingi, yumkini huna hata kipande kimoja cha vinasaba vyake, lakini ni babu yako halali. Kwa hesabu ya koo, watu wawili walioishi miaka elfu kadhaa iliyopita wanaweza kuwa mababu wa kila mtu aliye hai leo, hata kama nje ya bustani yao kulikuwa na watu wengine. Hapo Kaini anapata mke na mji unapata wakazi. Sayansi haisemi walikuwepo. Inasema tu kwamba haiwezi kuwakataa. Wanateolojia wengi hawajafurahi, wanauliza hao wa nje walikuwa na roho au la.

Neema ya Bure

Na mimi nauliza hivyo hivyo. Watu wenye sura kama yangu, wanazika wafu wao, wanalea watoto, halafu tuwaite si watu? Hapana. Hiyo inanitisha kuliko sokwe.

Mama Wawili

Nasoma tangu jana kimya kimya. Naandika kwa sababu Mwalimu alitaja malaria.

Mwanangu wa kwanza ana sikoseli. Daktari alinieleza kwamba hii imo kwenye damu zetu kwa sababu ya malaria, sikumwelewa vizuri siku hiyo, nilikuwa nalia. Mwalimu, inakuwaje? Na ninyi wa dini, mkishanieleza mniambie na Mungu alikuwa anafikiria nini.

Mwalimu wa Nyakato

Pole sana mama, na hongera kwa kumlea.

Kinasaba cha sikoseli ukikipata kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huugui, na unakuwa na kinga nzuri dhidi ya malaria kali. Ukikipata kutoka kwa wote wawili, ndiyo ugonjwa. Aliyegundua uhusiano huo ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye kinasaba hicho wanazidi asilimia 20, na nyanda za juu zenye baridi hawafiki hata asilimia moja. Akajiuliza kuna nini pwani na ziwani ambacho hakipo milimani. Mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi. Huo ni mmoja wa mifano ya mwanzo kabisa, na mpaka leo ulio wazi zaidi, wa uteuzi asilia kwa binadamu, na umetoka kwetu hapa.

Kwa lugha nyingine, kinasaba kimebaki kwa sababu kiliokoa watoto wengi na malaria. Gharama yake wanalipa wachache wanaokipata mara mbili.

Sina Dini Sina Deni

Ndiyo hiyo niliyokuwa nasema. Hapo hakuna mpango wa mtu mwema. Ni hesabu tu.

Neema ya Bure

Mama, Mungu hakukusudia mwanao aumie. Hiyo ni dunia iliyoanguka. Yeye analia pamoja nawe.

Mama Wawili

Sikumleta mwanangu hapa ili mmtumie kushindia. Sina Dini, hesabu yako haijawahi kukesha na mtoto anayelia mifupa inauma, msimu wa baridi. Na dada Neema nakupenda lakini Mwalimu amesema kitu hicho hicho kinachomuumiza mwanangu ndicho kilichomwokoa mdogo wake, maana yeye kapimwa anacho kimoja na malaria kwake huwa ni homa ya siku mbili. Utaniambia hicho nacho kimetoka kwenye anguko? Kimoja baraka, viwili laana, na ni kitu kimoja?

Vumbi la Karatu

Mama, hapo ndipo pale pa pili nilipopaongelea, na wewe umepafikia bila mzunguko. Mimi siwezi kusema sikoseli iliingia bustanini siku ya tunda, kwa sababu tunajua imekujaje. Wala sikubali kwamba ikishaelezwa basi imekwisha kuwa swali. Ayubu aliuliza na hakupewa maelezo, alipewa orodha ya wanyama: mbuni, kunguru, tai anayewapa makinda wake damu. Zamani nilikuwa naona Mungu alikwepa swali pale. Siku hizi sina hakika kama alikwepa, ila marafiki wa Ayubu waliokuwa na majibu tayari ndio waliokaripiwa.

Mvuvi wa Pangani

Allah amponye. Mama, sisi tunasema mtihani, na neno hilo watu hulitupa haraka mno kwa mwenye mzigo. Mimi silitupi kwako. Nina swali la dunia tu: nyie wazazi mlijua kabla ya ndoa?

Mama Wawili

Hatukujua ustadhi. Wote wawili wazima, wote tunacho kimoja. Sasa mdogo wangu wa kiume anaoa Desemba. Afanyeje?

Mwalimu wa Nyakato

Apime yeye na mchumba wake, kipimo cha aina ya himoglobini, sio kupima damu kwa kawaida tu. Mmoja akiwa hana kabisa, hakuna mtoto wao atakayepata ugonjwa. Wote wakiwa na kimoja kimoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Uamuzi ni wao, lakini waamue wakijua. Nigeria makanisa mengi hayatangazi ndoa mpaka majibu ya kipimo hiki yaonekane. Huku kwetu tumezoea kudai cha Ukimwi tu.

Neema ya Bure

Kweli, kwetu ni cha Ukimwi tu. Mama, samahani kama nilikuharakisha. Mimi nipo kamati ya ndoa kanisani, hilo la kupima sikoseli nalipeleka kwa mchungaji wiki hii, na Mwalimu nitakuomba uje uongee na vijana wetu. Uwaeleze habari za mbu na Allison kama ulivyoeleza hapa. La sokwe usiliguse, hilo bado sijakubali.